Kobe Hana Meno

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea mashairi ya mapenzi na malalamiko juu ya wakubwa, leo zinapewa kobe. Nawaomba wavumilie. Kobe ninayetaka kumzungumzia ni mdogo, anaenea kiganjani, lakini swali alilolibeba ni zito kuliko gamba lake. Mtu akimfungia kiumbe asiyeweza kusema, anadaiwa nini? Wengi watajibu upesi: anadaiwa chakula na maji, basi, yameisha. Mimi nasema jibu hilo halitoshi, na shahidi wangu ni mdomo wa kobe.

Tuanze na mdomo wenyewe. Kobe hana meno, hata moja. Taya zake zimevikwa ganda gumu lenye makali, mfano wa mdomo wa kasuku, na ganda hilo limeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na kwato za mbuzi. Na kama kucha, haliachi kuota. Tangu siku kobe anapotoka yaini mpaka siku anapokufa, mdomo unaota. Huko porini unaota na kulika, unaota na kulika, kwa sababu mwenyewe anashinda akikata nyasi ngumu, magugu na majani yenye nyuzi, na anapochuma vijani vilivyo chini chini mdomo hukwaruzana na mchanga na mawe. Kiumbe mwenye kazi hiyo kila siku hana haja ya kinyozi. Kazi yake ndiyo kinyozi.

Sasa iondoe kazi hiyo uone. Mpe kobe mchanga vitu laini siku zote, na mdomo hauna habari kwamba maisha yamekuwa mepesi. Wenyewe unaendelea kuota tu. Sehemu ya juu hushuka ikawa ndoano, ikaupita mdomo wa chini. Kobe akitaka kukata jani, makali hayakutani. Anashika, linamponyoka, anashika tena. Mwisho anakonda mbele ya sahani iliyojaa.

Iko na hasara ya pili, isiyoonekana haraka. Kobe mdogo anajenga mifupa na gamba kwa wakati mmoja, na ujenzi huo unataka kalsiamu nyingi. Lakini kalsiamu peke yake haimfai kitu kama hapati jua, maana ni mionzi ya jua juu ya ngozi inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuichukua kalsiamu iliyomo tumboni. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo. Kwa hiyo kobe aliyewekwa ndani ya sanduku la kioo karibu na dirisha anaweza kuwa na joto la kutosha, tumbo limejaa, na bado mifupa yake ikawa inalainika. Taya hulegea, gamba hubonyea kwa kidole, miguu hupata matege. Hayo yote humpata kiumbe ambaye mwenyewe ataapa kwamba hajamlaza na njaa hata siku moja.

Kweli hajamlaza na njaa. Hapo ndipo penye utata wenyewe.

Namjua bibi mmoja, jirani, mtu wa huruma kweli kweli, aliyekuwa na kitoto cha kobe uani kwake. Aliletewa na mjukuu kutoka shamba. Kila asubuhi alikirowekea mkate ndani ya chai ya maziwa. Mchana wali uliopondwa. Jioni papai bivu, tena kwa mkono wake, kipande baada ya kipande. Kobe alifika mahali akaujua mlio wa lile bakuli. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, na majani je, hali?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Mjukuu wangu, kinyama hiki Mungu hakukijaalia meno. Nikipe nini kama si laini?" Kabla mwaka wa pili haujesha, mdomo wa kobe ulikuwa umepinda kama ndoano ya kuvulia changu, ikabidi apelekwe kwa daktari wa mifugo akasagwe kwa tupa kidogo kidogo, maana ndani ya lile ganda mna nyama na damu, si kazi ya koleo la nyumbani.

Sikulisimulia hili ili nimcheke bibi. Hoja yake ni hoja ya maadili, na nusu yake ni kweli tupu. Kiumbe huyu hana meno: kweli. Asiye na meno aonewe huruma: nalo tulikubali. Kosa limejificha katikati, pale alipoona kutokuwa na meno ni upungufu. Kwa mwanadamu mwenye miaka themanini huo ni upungufu. Kwa kobe ndilo umbo lenyewe. Mdomo wake ni jino moja zima lililozunguka taya. Bibi alimhurumia kobe kwa ugonjwa asiokuwa nao, na dawa yake ndiyo iliyomletea ugonjwa. Ndugu msomaji, jiulize ni mara ngapi sisi binadamu tumefanyiana hivyo: tunamwona mwenzetu yu tofauti, tunaiita tofauti yake kilema, kisha tunamtibu kwa nguvu mpaka anakuwa kilema kweli.

Najua atasimama mtu aniambie, "Aa, bwana, lakini kobe mwenyewe anataka papai! Mwekee ukoka huku na papai kule uone atakwenda wapi." Ni kweli, atakwenda kwenye papai, tena mbio, kwa kadiri kobe anavyojua mbio. Basi mimi ni nani nimkataze? Si udhalimu huo, kumfungia kiumbe na kisha kumchagulia hata anachokipenda?

Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuipita pembeni. Ili kuijibu inatupasa tuwatazame kobe wanaoishi bila mfugaji. Katika visiwa vya Shelisheli kuna kisiwa kiitwacho Aldabra, jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini, kali kwa miguu kama maweni ya mashariki ya Unguja. Huko wanaishi kobe wakubwa kiasi cha laki moja. Wamelilisha eneo lile kwa muda mrefu mno hata vijani vyenyewe vimejifunza kuota vifupi, vikalala juu ya mawe kama zulia, na kobe huvikata kwa mdomo uliosuguliwa na jiwe lile lile. Jua likipanda lazima watafute kivuli, la sivyo joto huwaua. Tunda likianguka chini ya mti, atakayelipata ni yule aliyekuwa karibu, na wenziwe wapo. Katika nchi kama hiyo, kupenda kitu kitamu hakumdhuru kobe hata kidogo. Apende atakavyo, ardhi yenyewe itampimia.

Basi tamaa ya kobe ni ya kweli, ila iliumbwa pamoja na uchache wa matunda, kama vile kiu ya msafiri inavyokwenda pamoja na umbali wa kisima. Sisi tulipomchukua tuliichukua tamaa tukauacha uchache. Tukisema sasa "mwacheni achague," tunajidanganya. Anachagua katika soko tulilolipanga sisi, lenye papai saa ishirini na nne na bila mwendo wa kulifuata. Uhuru wa namna hiyo ni jina tu.

Hapa nakumbuka ile hadithi ambayo sote tuliokulia pwani tulisimuliwa chuoni, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Nilipokuwa mdogo nilisikia sehemu ya kwanza tu: mlishe mnyama wako, usije ukaangamia. Nilipokua ndipo nikaanza kuisikia ile ya pili. Hadithi inataja milango miwili, na wa pili ni ardhi. Paka ana haki ya ardhi yake na vidudu vyake, na anayemfungia amemzuilia hicho kabla hata hajamnyima sahani. Tumeushika mlango wa kwanza tukausahau wa pili, na kwa kuwa tunalisha vizuri tunadhani tumeokoka.

Mdomo wa kobe mchanga unasema hatujaokoka. Mtu anaweza kulisha mara tatu kwa siku, kwa mkono wake na kwa mapenzi, na bado akawa amemdhulumu mnyama. Kwa hiyo nasema hivi: anayemfungia kiumbe anadaiwa ardhi aliyomwondolea. Chakula ni sehemu ndogo ya deni hilo. Sehemu kubwa ni kazi ambayo ardhi ilikuwa ikimpa: kutembea, kuchuma, kukata, kukwaruza, kuota jua na kulikimbia jua.

Deni hilo linalipwaje? Kwa bahati, huku kwetu si kwa fedha nyingi. Ukoka umejaa viwanjani. Magugu yasiyopuliziwa dawa yapo kila penye unyevu. Mpungate, ukishatolewa miiba, ni chakula kizuri cha kobe na una kalsiamu. Majani yawekwe mazima, tena yakiwa bado na mizizi ikiwezekana, yasikatwe katwe kama kachumbari, ili mdomo upate kazi. Yawekwe juu ya jiwe bapa la tumbawe badala ya sahani ya plastiki, na jiwe litasugua lenyewe. Kile kifupa cheupe cha dome kinachotupwa na maji ufukweni, ambacho watoto wanachezea, kobe akikitafuna anapata kalsiamu na tupa kwa pamoja. Awe na jua la wazi na kivuli cha kulikimbilia, na maji ya kina kifupi asije akazama. Papai liwe la nadra, kama mgeni. Mkate, wali na maziwa yabaki mezani kwa wenyewe.

Ukiyatazama hayo yote utaona jambo la ajabu: malezi bora ya kobe mchanga ni kumrudishia taabu. Na hapa lazima nisimame nijihadhari, maana nimeokota kisu chenye makali pande mbili. Hoja ya kwamba taabu inamfaa mdogo imetumiwa na kila bwana aliyewahi kumtumikisha mtu. "Njaa itawafunza kazi." "Mkiwapa watalegea." Hata methali yetu ya kumkunja samaki angali mbichi nimewahi kuisikia kinywani mwa mtu aliyeshika bakora, na nia yake haikuwa malezi. Je, mimi nami nawapa silaha watu wa namna hiyo?

Hapana, na nitaeleza kwa nini. Iko taabu iliyo ya kiumbe mwenyewe, ambayo mwili wake uliumbwa kuikabili na bila hiyo unaharibika. Na iko taabu anayotwishwa kwa faida ya mwingine. Ukoka ni wa namna ya kwanza. Kobe akikata ukoka, anayefaidi ni kobe. Kipimo kiko mdomoni mwake, kila mtu anaweza kukitazama: makali yamekutana au hayakukutana. Bwana anayemsifia mtumwa wake taabu hana kipimo cha namna hiyo, na ukimtazama vizuri utaona kwamba yeye mwenyewe taabu anaikwepa. Basi anayetaka kutetea ugumu wa maisha ya mwingine, kwanza atuonyeshe ni mwili wa nani unaonufaika.

Tena hata kwa kobe kanuni hii haiendi kwa upofu. Katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, huko bahari ya Atlantiki, kuna habari za kobe aitwaye Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Inakadiriwa kwamba aliangua kiasi cha mwaka 1832, na mwaka 2022 watunza rekodi wa Guinness walimtambua kuwa kobe mzee kuliko wote waliopata kujulikana. Uzeeni macho yake yaliingia mtoto wa jicho akawa haoni, pua nayo ikaacha kunusa, na mdomo wake ukawa butu na wa kumomonyoka. Alikuwa akiuma nyasi, nyasi haikatiki. Daktari wa mifugo wa kisiwa alianza kumlisha kwa mkono, matunda na mboga, mara moja kwa wiki. Na mdomo ukarudi kuwa na makali! Kumbe ulikuwa umekosa lishe.

Hadithi ya Jonathan ni kinyume cha hadithi ya kobe wa bibi, tendo ni lile lile. Mkono mmoja uliharibu mdomo, mkono mwingine uliuponya. Tofauti ni kwamba daktari alianza kwa kuutazama mdomo akauliza umepungukiwa nini, wala hakuanza na huruma yake mwenyewe. Mzee aliyechoka alihitaji msaada. Mtoto mwenye nguvu alihitaji kuachiwa kazi yake. Asiyepambanua hali hizi mbili atamnyima mzee na kumdekeza mtoto, na wote wawili atawapoteza.

Limebaki swali ambalo wafugaji hawalipendi. Ikiwa deni ni la ardhi, vipi mtu asiye na ardhi ya kulipa? Yule bibi angalau ana ua, na jua la bure. Lakini kuna kobe wetu wanaoishia ndani ya masanduku, chini ya taa, katika vyumba vya ghorofani huko Ulaya na Marekani. Mmoja wao ni yule kobe bapa anayejibana katika nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania, ambaye kwa kawaida hutaga yai moja tu kila atagapo. Biashara ya kumwuza kama mnyama wa kuchezea ilimpunguza hata mwaka 2019 nchi zilizo katika mkataba wa CITES zikakubaliana kumweka katika orodha ya kwanza, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Mwenye sanduku anaweza kuwa mtu mwema, akanunua taa ghali na vitabu juu yake. Lakini ufa wa jabali haununuliki. Deni ambalo mtu anajua hawezi kulilipa, heri asilikope.

Tusidhani ni wageni peke yao. Changuu, kile kisiwa mbele ya Mji Mkongwe, kililetewa kobe wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Walizaana, na kufikia 1955 walikuwa kiasi cha mia mbili. Kisha ukaja wizi wa kuwauza, mwaka hadi mwaka, na kufikia 1996 walibaki saba. Sasa wameongezeka tena, na watoto wao wanawekwa kwenye uzio mpaka wakue. Wanafungiwa kwa sababu yetu: wezi ni sisi, wanunuzi ni wenzetu, na anayefungiwa ni kobe. Wazee wanasema ukiona kobe juu ya mti, ujue kapandishwa. Hata kobe ndani ya uzio kapandishwa, japokuwa uzio wenyewe ni wa heri.

Sisemi kila aliye na kobe leo akamwage porini. Huko kungekuwa kukimbia deni kwa jina la kulilipa: kobe aliyelelewa uani hajui pori hilo, pengine si pori la kwao, na huenda akawapelekea wenziwe maradhi. Aliye naye awaone watu wa wanyamapori, kwani sheria zinataka kibali, na wao ndio wa kuamua kama anaweza kurudishwa. Akibaki naye, ajue kwamba kobe anaweza kuishi kuliko yeye, na deni litarithiwa na watoto. Ninachosema ni kwamba asijipongeze kwa sahani iliyojaa.

Kushiba hakuthibitishi kitu. Hata kobe wa bibi alishiba. Anayetaka kujua kama analipa anachodaiwa, amwinue kobe wake taratibu asubuhi moja, kwenye mwanga, autazame mdomo: umenyooka au umepinda, una makali au umelegea. Hapo atasoma ni kiasi gani cha ardhi amekwisha kumrudishia mnyama wake, na ni kiasi gani bado anakishikilia.